Nahodha wa Kochini na Merikebu ya Haramia Mwenye Kibali

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika ushirika wetu wa kanisa, hapa Newtown mjini Birmingham, mambo ni kinyume: asiyekuwepo hupewa lake na la wenzake pia. Ukikosa mkutano wa kamati, hata kama ulikuwa kazini au jino lilikuwa linakuua, utapigiwa simu jioni na kupongezwa kwa kuchaguliwa mpishi mkuu wa Krismasi. Wakenya tulikuja na desturi hiyo kutoka nyumbani, ndugu zetu wa Kongo wakaipenda kuliko sisi, na sasa hakuna anayekumbuka ilianza na nani. Mimi niliwahi kulala na homa nikaamka kiongozi wa kwaya, mimi ambaye nikianza kuimba mtoto wangu huongeza sauti ya televisheni.

Kwa hiyo Jumapili ile Mchungaji alipouliza nani atakuwa nahodha wa merikebu, nilijua ninachofanya. Nilinyoosha mkono nikamtaja mume wangu. Hakuwepo. Alikuwa hakanyagi kanisani tangu majira ya baridi. Mikono ikapanda juu, akapita bila kupingwa, tukaenda kula.

Niseme kwanza huyu mume wangu ni nani. Nyumbani alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari, na mpaka leo watu wote humwita Mwalimu, hata mimi, nikifurahi na nikikasirika. Hapa Birmingham hakuna aliyehitaji historia yake, basi akafanya kazi ghalani miaka mingi, akipanga masanduku, akirudi na mgongo mgumu na vituko vya kusimulia. Kisha ghala likafungwa. Akatafuta kazi nyingine, akatafuta, akachoka, akaketi kwenye kochi letu pale Hodge Hill. Mwanzoni aliketi akisubiri simu. Baadaye aliketi tu.

Kilichomtoa kanisani si dhambi, ni swali. Sisi watu wa kule tukikutana ughaibuni, tukishamaliza habari za nyumbani na habari za watoto, lazima lifuate: "Na siku hizi uko wapi?" Maana yake, unafanya kazi wapi. Watu huuliza bila ubaya wowote, mimi mwenyewe nimeuliza mara nyingi. Lakini siku moja nilimwona Mwalimu akiulizwa pale mlangoni, sahani ya wali mkononi, nikaona uso wake unavyojifunga. Akajibu, "Nipo, nipo." Jumapili iliyofuata kichwa kilimuuma. Iliyofuata ikawa tumbo. Kisha akaanza kusema kwamba afadhali arudi nyumbani peke yake, akae shambani kwa kaka yake, na sisi tubaki na Uingereza yetu.

Niliogopa. Ninahudumia wagonjwa wodini kila siku na najua mtu anavyoonekana akianza kujiachilia. Niliogopa kurudi kutoka zamu nikute kochi tupu, na kuna siku niliogopa zaidi kumkuta bado amekaa palepale. Ndiyo maana nilinyoosha mkono.

Sasa merikebu yenyewe. Kila kiangazi watu wa mitaa huwa na siku yao kwenye ziwa la bustani. Kila kundi hutengeneza chombo cha mbao nyepesi, maboksi na mapipa ya plastiki, halafu vinashindana kuvuka. Mwaka huu waandaaji waliamua kila chombo kifanane na merikebu ya zamani, na kabla ya mbio mtu mmoja aeleze historia yake. Karatasi zilitiwa ndani ya kofia. Mchungaji aliomba kabla ya kuingiza mkono, maana alikuwa anaitaka safina ya Nuhu. Akatoa karatasi iliyoandikwa merikebu ya haramia mwenye kibali cha mfalme, yenye matanga na makasia.

Jumapili ileile, tukiwa bado na sahani mkononi, kanisa liligawanyika. Wengine walisema karatasi irudishwe. Mwenyekiti wa akina mama, mama mmoja mnene wa Uvira kule Kongo, ambaye hata Mchungaji humwogopa, alisimama akashika kiuno. "Pasteur, sisi batu ba Mungu, njo tutapanda bateau ya wezi?" Ikakubaliwa kwamba swali apelekewe nahodha, kwa sababu alikuwa amesoma.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimetangulia.

"Nani alinitaja?" Mwalimu akaniuliza kutoka kwenye kochi.

"Kamati."

"Kamati ina mdomo?"

"Inao. Na wewe hukuwepo."

Desturi aliijua vizuri, yeye mwenyewe amewahi kuwapeleka watu jikoni kwa njia hiyo. Akageukia ukuta, akavuta blanketi. Ndipo simu yake ikalia na swali la akina mama likaingia: je, ni dhambi? Mwalimu wa historia anaweza kukataa chakula, anaweza kumkatalia mkewe, lakini swali la historia lililoulizwa vibaya hawezi kuliacha lipite. Akaondoa blanketi. Akaketi wima. Akabonyeza simu, akalirekodia kundi zima la ushirika ujumbe wa sauti mpaka chai yangu ikapoa.

Alieleza kwamba haramia wa kawaida huiba kwa ajili yake mwenyewe na huwindwa na kila mtu. Huyu wetu alikuwa na barua ya mfalme mfukoni, iliyomruhusu wakati wa vita kukamata merikebu za biashara za adui. Alichokamata kilipelekwa mbele ya mahakama, mfalme akachukua fungu lake, wenye merikebu wakachukua lao, mabaharia wakagawana kilichobaki. Bila ngawira hakuna malipo. Merikebu yake ilikuwa na milingoti mitatu na matanga, na ubavuni, karibu na maji, ilikuwa na matundu ya kupitishia makasia marefu, ili upepo ukifa iweze kumfuata mfanyabiashara aliyekwama, au kumkimbia mwenye mizinga mikubwa. Halafu siku vita vilipokwisha, barua nayo ilikwisha. Aliyekuwa shujaa jana, leo akifanya kilekile ananyongwa.

Kisha sauti ya mama wa Uvira ikaja. "Kwa hiyo yote ni mambo ya papiers?"

"Ni karatasi tu, Mama," Mwalimu akamjibu.

"Basi huyo muntu tunamuelewa."

Na mjadala ukafia hapo. Katika ushirika wetu hakuna asiyewahi kukaa kwenye benchi la serikali akiwa amekumbatia faili kifuani, akisubiri kuambiwa kama yeye ni mgeni halali au ni kitu kingine. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa kwamba mikono ni ileile, chombo ni kilekile, na barua ndiyo inayoamua kama wewe ni mheshimiwa.

Nikadhani nimeshinda. Sikuwa nimeshinda. Mwalimu alikubali unahodha, lakini aliufanyia kwenye kochi. Ujenzi ulikuwa Newtown, katika ukumbi wa kanisa, na nahodha alikuwa Hodge Hill na soksi zake, akitoa amri kwa simu. Mimi nilikuwa nimetupa kamba ili nimvute nje, naye akaivuta merikebu mpaka sebuleni. Tulikula historia asubuhi na jioni. Akaumba ugali ukawa na ubavu wa chombo, akatoboa matundu kwa kidole, akatuonyesha mahali walipokaa wapiga makasia.

"Dad, nobody asked," binti yetu akamwambia.

"Ndiyo sababu nakueleza. Mabaharia waliyachukia makasia, unajua kwa nini? Zamani kasia lilikuwa kazi ya watumwa na wafungwa. Hawa walikuja kwa ajili ya ngawira, wakajikuta wanavuta miti."

"Can I eat the boat now?"

Akaila. Kwa lugha yetu anaelewa kila neno, ila kujibu kwake ni kwa Kiingereza, na kula kwake ni kwa Kikenya.

Akina mama nao walikuwa wameshanunua sare kabla hata ubao mmoja haujapatikana. Kitenge cha manjano, chenye kuku na vifaranga. Kilichobaki wakakishona kikawa tanga. Mwalimu alipoona picha akatuma ujumbe kwamba matanga ya zama zile yalikuwa ya turubai, hayakuwa na kuku.

"Mwalimu," mama wa Uvira akamuuliza, "ile bateau yako ya zamani ilizamaka ao haikuzamaka?"

"Nyingi zilizama, Mama, au zilioza."

"Unaona? Hazikukuwa na kuku."

Nilikuwa sijamsikia mume wangu akicheka kwa sauti tangu ghala lifungwe. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini viatu vyake bado vilikuwa nyuma ya mlango, na kila nilipopita na ufagio nilivifagia vumbi na kuvirudisha.

Jumamosi moja mchana nilikuwa napika, picha ikaingia. Merikebu imekamilika. Ilikuwa nzuri kweli, imepakwa rangi nyekundu, tanga la kuku limesimama, na mbele wamebandika simba wa boksi aliyefanana na mbwa wa jirani. Chini ya picha mweka hazina wetu alikuwa ameandika kwamba kamati imeona makasia yanaharibu sura, kwa hiyo yameondolewa, na chombo kitamtegemea Mungu na upepo.

Mwalimu aliitazama ile picha. Akaikuza. Akaizungusha simu, labda makasia yako upande mwingine.

"Matundu yako wapi?" akasema.

Akasimama.

"Karatasi ilisema yenye matanga na makasia! Ukiyaondoa ni mashua tu! Wamefanya mtihani bila kusoma swali!"

Akaenda mlangoni. Akainama. Akavaa viatu. Binti yetu akafungua mdomo, nikamtolea macho akaufunga. Mwalimu akachukua kalamu nene nyekundu kwenye mkoba wake wa shule, akaitia mfuko wa shati kama zamani.

"Nikupeleke na gari?" nikauliza, nikijaribu kuwa mtu wa kawaida.

"Nitapanda basi. Nikienda na wewe utanituliza."

Nilimtazama dirishani mpaka akakata kona, mabega juu, akiongea peke yake. Kisha nikaketi kwenye kochi mahali pake, palikuwa bado pana joto, nikalia. Sukuma wiki ikaungua yote. Tulikula ugali na maziwa siku hiyo na sikujali.

Yaliyotokea ukumbini nilisimuliwa na Mchungaji. Mwalimu aliingia bila kusalimu mtu, akaizunguka merikebu mikono nyuma, kama anasimamia mtihani. Kisha akatoa kalamu. Akachora duara nyekundu kila mahali palipopaswa kuwa na tundu, mbavu zote mbili, chini karibu na maji, na pale mbele kwa simba akaandika kwa herufi kubwa: RUDIA. Mafundi wakachukua misumeno bila neno. Na hakuna aliyemuuliza siku hizi yuko wapi, kwa sababu alikuwa pale mbele yao akifoka.

Basi akawa anakwenda kila Jumamosi. Kanisani Jumapili bado hakuja. Nikajiambia pole pole.

Shida iliyofuata ilikuwa ya viti. Chombo kilibeba watu wanane, na kila mwenye cheo alidai nafasi yake: mwenyekiti wa kamati, makamu wake, katibu, naibu katibu, mweka hazina, mlezi, Mchungaji kama kasisi wa merikebu, na nahodha. Wakatosha sawasawa. Mwalimu akauliza nani atapiga makasia. Kila mtu akamtazama mwenzake kwa matumaini. Akawakumbusha kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama, na wote wakaitikia Amina, kama vile anasemwa mtu mwingine.

Siku ikafika. Jua lilitoka, jambo ambalo hapa huwashangaza hata wenyeji, na watu wakajaa kando ya ziwa. Kila kundi lilipewa dakika tano za historia. Mume wangu alikuwa ameandaa historia hiyo tangu alipokuwa na soksi. Alipanda jukwaani amevaa suti na kofia ya nahodha yenye unyoya, akashika kipaza sauti, akaanza kwa Kiingereza safi cha shule. Akamtambua mwenyekiti wa mtaa. Akawatambua wachungaji. Akawatambua wazee, akina mama, wageni waalikwa, majirani wa Hodge Hill, na ndugu waliotoka mtaa wa Moseley, mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema kwamba itifaki ikiwa imezingatiwa sasa anaweza kuanza, na kengele ikalia. Dakika zake zilikuwa zimeisha.

Mzungu aliyeshika kengele aliona haya kuliko Mwalimu. Sisi tulipiga makofi sana. Kwetu hotuba ilikuwa nzuri.

Wakapanda chomboni, wamevaa maboya ya kuokolea juu ya kitenge cha kuku, nahodha juu ya suti yake. Mchungaji akasema haiwezekani kuondoka bila maombi. Wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Filimbi ya kuanza ikapigwa, vyombo vingine vikaondoka, na chetu kikabaki kimefumba macho. Hakuna Mkristo anayefumbua katikati ya maombi, hata awe anashindana. Nikapiga kelele kutoka ukingoni, "Amina! Amina!" Akina mama wote wakadaka, Amina, Amina, ili afunge. Mchungaji akadhani tunabarikiwa, akaanza kuwaombea mabaharia wa mataifa yote.

Walipofumbua macho, upepo ulikuwa umekufa. Merikebu ya watu wa Moseley, nzuri kuliko zote, matanga meupe mpaka juu, ilikuwa imesimama katikati ya ziwa bila kutikisika. Haikuwa na makasia. Waliokuwa ndani walikuwa wanakunywa chai. Wetu walisukumwa kutoka ukingoni, wakaelea kidogo, wakasimama nao. Kuku na vifaranga wakaning'inia.

Niliona vichwa vinageukiana. Mweka hazina akashika mgongo wake. Makamu akashika bega. Baadaye niliambiwa Mwalimu alisema, "Ndugu zangu, hapa ndipo historia inataka tupige makasia," na kila mtu akakumbuka ugonjwa wake. Na yeye ndiye aliyekuwa na mgongo mbovu kuliko wote, mgongo wa masanduku ya miaka mingi.

Alivua kofia ya nahodha, akamvisha Mchungaji. Akavua boya na koti. Akaketi kwenye ubao wa wapiga makasia, akapitisha kasia kwenye tundu, akavuta.

Kasia moja upande mmoja hukuzungusha. Wakazunguka. Watu wakacheka ziwa zima, na mimi nikacheka huku moyo unanidunda, maana nilijua kicheko kama kile ndicho alichokuwa anakikimbia miezi yote. Mwalimu hakuinua kichwa. Akavuta, wakazunguka tena, akavuta. Mzunguko mwingine ukamleta mweka hazina uso kwa uso na mkewe aliyekuwa ukingoni, na sijui mkewe alimtazamaje, ila alinyakua kasia la upande wa pili. Katibu akafuata. Mama wa Uvira, aliyekuwa ukingoni nasi, akaanza kupiga makofi ya taratibu, kishindo kimoja kwa kila vuto, nasi tukapokea. Merikebu ikanyooka, ikaenda! Ikawapita watu wa Moseley, nao wakainua vikombe.

Na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Matundu yalikuwa mahali pake pa kihistoria, chini kabisa. Katika historia kila tundu lilikuwa na kifuniko chake. Mwalimu alikuwa ameeleza vifuniko vizuri sana katika ujumbe mmoja mrefu wa sauti, ambao hakuna aliyeusikiliza mpaka mwisho. Kila walipovuta kwa nguvu, maji yaliingia kwa nguvu. Wakazama polepole na kwa heshima, wakiendelea kupiga makasia mpaka chombo kikagusa matope, maji yakiwa magotini. Wakashuka, wakakibeba mabegani, wakakifikisha ng'ambo kwa miguu. Waamuzi mpaka leo hawajasema kama huko ni kuvuka.

Nilizunguka ziwa mbio na taulo. Nilimkuta Mwalimu amesimama kwenye nyasi, viganja vimechubuka, suruali inachuruzika, na mbele yake mwanaume mmoja mgeni, ndio kwanza amehamia Birmingham kutoka Nakuru, akimshika mkono kwa furaha. Hongera Mwalimu. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto wazima? Wazima. Nikajua kinachofuata, na sikuwa karibu vya kutosha kukizuia.

"Na siku hizi uko wapi?"

Mwalimu alikamua mkono wa shati lake.

"Siku hizi sina kazi," akasema. "Ghala lilifungwa. Niko tu nyumbani."

Alikuwa hajawahi kuyasema maneno hayo kwa mtu yeyote, hata kwangu. Kwangu alikuwa akisema kazi imesimama.

Yule mgeni hakuuachia mkono. "Hata mimi bado, Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini. "Natafuta. Nilikuwa naogopa utaniuliza."

Wakatazamana, wote wawili. Kisha mume wangu akampiga begani kwa kiganja chenye maji.

"Jumapili njoo kanisani, tutakaa pamoja," akamwambia. "Na mkutano baada ya ibada usikose. Hawa watu ukikosa wanakufanya nahodha."

Akageuka akanitazama mimi, sio yeye. Alikuwa anajua siku zote nani alinyoosha mkono. Nikampa taulo.